Uniti Tatu

Asubuhi nilipigishwa deki vyoo vya bweni
kwa kuchelewa mstarini dakika nne.
Jioni, saa kumi na nusu, ng'ambo ya barabara,
Daktari Lugiko akanitazama juu ya miwani:
"Na wewe, mwenzetu, una maoni gani?"

Mwenzetu.
Nikageuka kuona anamwita nani.
Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Tuko kumi na tisa. Mkunga wa zamu ya usiku
anayesinzia kalamu ikiwa wima mkononi,
karani wa kivuko, mapacha wawili wa benki,
na mimi, kidato cha tano,
sketi ya kijani, soksi nyeupe.
Mlinzi wa lango hunisimamisha kila Jumanne:
"Umemletea nani chakula?"
Nami kila Jumanne humwonyesha kitambulisho
chenye picha niliyofumba jicho moja.

Nilipomweleza mama, alikuwa anapima dagaa.
"Ni somo la chuo, nalisoma sasa hivi.
Nikifaulu napata krediti, zinaningoja mbele."
Sado ikasimama hewani.
"Krediti?" Akatazama kulia, kushoto,
kana kwamba vijana wa kausha damu
wamejibanza nyuma ya viroba.
"Nani amekudhamini? Wameandika kitanda kipi?"
Maana mwaka juzi walibeba kabati letu
vyombo vikiwa bado ndani,
vikalia hivyo hivyo hadi kona ya Igogo.

Nikasema si mkopo, ni kinyume chake.
Chuo ndicho kitakachodaiwa, na mimi.
Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.
"Chuo kidaiwe na wewe! Na sketi hiyo!"

Somo ni takwimu. Kazi ya kwanza:
tafuteni namba ambazo hakuna aliyezihesabu.
Wenzangu walikwenda maktaba, walipiga simu wizarani.
Mimi niliazima daftari la madeni la mama,
kaunta buku lenye mafuta na magamba,
miaka sita ya sado: nani kachukua, nani kalipa,
nani kahamia Geita bila kuaga.

Taa za bweni zikizimwa saa nne
nilichora kwa tochi, shuka kichwani,
bei huku, siku za mwezi kule.
Mwezi ukijaa, dagaa hawazijali taa; bei inapaa.
Giza likirudi, ziwa linawaka kama mji wa pili,
bei inateremka.
Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda,
kama mtoto anayeruka mawe ya Capri Point
akijua lipi linateleza.

Jumamosi nikaomba ruhusa, nikakimbia hadi Mwaloni,
karatasi imelowa jasho.
Mama, nimegundua kitu!
Akaitazama. Akaigeuza. Akanirudishia.
"Ungeniuliza."

Siku ya kuwasilisha, Daktari akataka chanzo.
Mkunga akaamka.
Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa, bila kutetemeka,
au kidogo tu kwenye H:
HOLO MAGESA, MWALONI, KIRUMBA. DAFTARI LA MADENI.
Darasa kimya.
Karani wa kivuko akaguna:
"Huyo mama ananidai."

Nimepata uniti tatu.
Shuleni mwalimu wa taaluma aligeuza fomu mbele na nyuma
akitafuta safu ya kuziandika, hakuiona,
akaniambia nisubiri, kisha akasahau kwamba nasubiri.
Jumatatu nilichelewa tena. Deki tena.

Lakini likizo ilipofika, jioni, baada ya kufunga meza,
mama alifungua kaunta buku.
"Ngapi ulisema?"
Tatu.
Akailamba ncha ya kalamu,
na chini ya jina la karani wa kivuko akaandika:
Chuo, tatu.
Halafu akapiga mstari mwekundu,
ule wa watu wagumu kulipa.